Bomba lisilo na jina laweza kumgharimu msindikaji wa maziwa

Wasindikaji wengi wadogo wa maziwa huanza na mitambo ya mtumba. Boila hununuliwa huku, tangi kule, kisha fundi huunganisha mabomba. Baada ya hapo ni yeye pekee anayejua bomba lipi limebeba nini, na siku akiondoka huondoka na siri hiyo.

Tatizo hujitokeza wakati wa matengenezo. Maji ya kusuuzia na maji yenye kostiki soda, yanayotumika kuondoa mafuta ya maziwa ndani ya mabomba, kwa macho yanafanana. Watengenezaji wa sabuni wanaijua kostiki: huunguza ngozi na inaweza kupofusha. Bomba la mvuke nalo, boila ikifanya kazi kwa bar 7, lina joto la nyuzi 170 hivi. Kosa likienda upande wa pili, kostiki ikaingia kwenye tangi, maziwa ya siku nzima humwagwa, na mfugaji aliyeleta lita zake 10 asubuhi atasubiri malipo.

Wapo wanaopaka rangi. Ni hatua nzuri, lakini rangi peke yake inaweza kupotosha. Kiwango cha Uingereza, BS 1710, kimetenga kijani kwa maji, kijivu cha fedha kwa mvuke, na zambarau kwa asidi na alkali, ikiwamo kostiki. Kiwango cha Marekani, ASME A13.1, tangu toleo la mwaka 2007 hutumia rangi ya chungwa yenye maandishi meusi kwa vitu vyenye sumu au vinavyounguza, na zambarau humwachia mwenye kiwanda aamue. Kwa Waingereza, chungwa ni umeme! Kwa hiyo mtambo wa mtumba wenye utepe wa zambarau haumwambii fundi lolote la uhakika.

Dawa yake ni kuchagua mfumo mmoja na kuandika jina kwa Kiswahili: MAJI, MVUKE, KOSTIKI, pamoja na mshale wa kuonyesha mkondo. Si lazima kupaka bomba zima. Ukanda mfupi unatosha, hasa kwenye chuma cha pua. Uwekwe karibu na kila valvu, kwenye maungio, na pande zote mbili za ukuta bomba linapopenya. Gharama ni makopo machache ya rangi na siku moja ya kibarua.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya 2007, zote humtwika mwajiri jukumu la kuwalinda wafanyakazi wake.

Hata hivyo, kibandiko hakisemi kama ndani kuna shinikizo. Kabla ya kufungua, valvu ifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa fundi, na bomba limwagwe. Na likibadilishwa njia, kibandiko kibadilishwe siku hiyo hiyo, kabla fundi hajalipwa.