Kisanduku Kinachopika Muziki wa Gemu

Disketi za King's Quest IV, gemu la Sierra On-Line la mwaka 1988, hazina hata sekunde moja ya muziki uliorekodiwa. Kilichomo ni maagizo tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, kwa chombo hiki, haya iache. Muziki wenyewe, uliotungwa na William Goldstein, unapikwa palepale ndani ya kisanduku kinachokaa pembeni ya kompyuta, Roland MT-32. Bila kisanduku hicho wala kifaa kingine cha sauti, spika ndogo ya kompyuta inajitahidi na unaambulia milio kama ya saa ya mezani. Kwa hiyo anayekuambia magemu ya zamani yalikuwa na muziki mbovu, muulize kwanza aliyasikia kupitia nini.

Roland, waliokitengeneza, hawakuwa na wachezaji wa gemu akilini. MT-32 ilitoka mwaka 1987 kwa dola 695, ikilengwa kwa wapiga kinanda wa nyumbani. Kwa gemu la watoto hiyo ni bei ya kichaa, lakini Sierra waling'ang'ania, na kampuni nyingine zikafuata.

Ujanja wa MT-32 uko hapa. Mwaka 1987 kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, na kuhifadhi mlio mzima wa piano au tarumbeta kungemeza pesa zote. Wahandisi wakategemea udhaifu wa sikio letu: chombo tunakitambua zaidi katika pigo la mwanzo, ile nyundo inapogusa waya au mdomo unapoanza kupuliza. Rekodi piano, kata ule mwanzo, kisha msikilizishe mpiga piano, anaweza kusita. Basi ndani ya MT-32 wakaweka vipande vifupi vya rekodi halisi, vingi vikiwa vya mapigo hayo ya mwanzo, na mkia wa sauti ukatengenezwa na mawimbi ya kielektroniki. Sikio linapokea mwanzo wa kweli, linaamini na kilichobaki.

Vipande hivyo, vya rekodi na vya mawimbi, haviwezi kulia zaidi ya 32 kwa wakati mmoja. Fikiria daladala ya viti 32. Kuna noti inayotosheka na kiti kimoja, na kuna noti nene inayokalia vinne peke yake. Mtunzi akipenda sauti nene, noti nane tu zinajaza gari, na ya tisa ikipanda lazima mmoja ashushwe. Ukisikiliza kwa makini utasikia noti ikikatika katikati ya shangwe. Hiyo si hitilafu, na usimpelekee fundi.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kwamba kisanduku hiki hakikumbuki kitu. Ukikizima, sauti zote kilizofundishwa zinapotea. Kila gemu linapoanza linakifundisha upya: ngurumo iwe hivi, mlango uwe hivi, vyura wa kinamasini wawe hivi. Ndiyo maana unasubiri kidogo mwanzoni. Wakati huo kile kioo kidogo cha mbele, chenye nafasi ya herufi 20, kinaweza kuonyesha salamu au utani ulioandikwa na watengenezaji wa gemu. Mtu alikaa akafikiria mzaha wa herufi 20 kwa ajili ya wachache waliomudu dola 695.

Kwenye huko kufundishwa ndipo wanunuzi wengi wa leo wanapoumia. Wanasikia mashine nyingine, Sound Canvas SC-55 ya mwaka 1991, inasifiwa, wanainunua, kisha wanaiunganisha na gemu la 1989. SC-55 ni mashine nzuri, na muziki wa gemu la Doom alioutunga Bobby Prince unaifaa sana. Lakini haifundishiki namna ile. Inayo orodha ya vyombo iliyopangwa kwa mpangilio wa MT-32, ila gemu likileta sauti yake mpya, SC-55 inaipuuza na kupiga chombo chochote kilicho kwenye namba hiyo. Palipokusudiwa ngurumo unaweza kupata filimbi.

Hata MT-32 zenyewe si moja. Zile za mwanzo hazina tundu la hedifoni nyuma. Za baadaye zinalo. Magemu kadhaa ya mwanzo yanategemea vituko vya toleo la kwanza, ilhali ya baadaye yanamwaga maagizo haraka mno hadi la kwanza linapaliwa na kuandika kosa kwenye kioo. Amua kwanza magemu yako ni yapi, ndipo utoe pesa.

Vingi vya visanduku hivi vilivyobaki vinatoka Japani, na huko umeme ni volti 100. Mimi nilichomeka adapta ya Kijapani moja kwa moja kwenye soketi ya nyumbani ya volti 230. Ilitoa harufu ya plastiki kabla sijageuka. Kisanduku kilipona, adapta haikupona. Unapotafuta nyingine, angalia mchoro kwenye lebo: volti 9, hasi katikati. Adapta nyingi zinazouzwa mitaani kwetu ni chanya katikati, na muuzaji atakuapia kwamba zote ni sawa.

Vingine ni vya kukagua haraka: kioo kisififie, vitufe viitike, kifuniko kisiwe kimefunguliwa na mjuaji, na kompyuta iwe na njia ya kutoa MIDI, yaani yale maagizo ya noti, kupitia mdomo wa pini tano. Asiye na pesa atumie programu ya Munt inayoiga MT-32 vizuri sana, mradi awe na nakala halali ya data ya mashine yenyewe.

Mafundi wanaovunja vyombo vya muziki vya mtumba ili kupata shaba na skrubu, nawaomba: mkikuta kisanduku cheusi cha upana wa karatasi ya A4 iliyolazwa, kimeandikwa MT-32, msikivunje. Kichomekeni kwanza.