Mashabiki wa Halo na fumbo la lifti ya angani: Mombasa au Isiolo?

MTU akipita katika mitaa ya Isiolo na kuyatazama mapaa ya nyumba, ataona kwamba madishi ya televisheni hapa yamelala chali, mithili ya sufuria zilizotegwa kukinga maji ya mvua. Katika miji ya Ulaya madishi kama hayo husimama wima na kuelekea upeo wa macho. Sababu ni ya kijiografia. Setilaiti zinazorusha matangazo hayo zimekaa juu ya Ikweta, kwenye longitudo ya digrii 36 mashariki, nao mji wa Isiolo umo takriban kilomita 40 tu kaskazini mwa Ikweta, kwenye digrii 37 na nusu mashariki. Kwa hakika setilaiti hizo zi karibu utosini mwa mji.

Jambo hilo dogo linaweza kukata shauri katika mjadala wa miaka mingi miongoni mwa wapenzi wa mchezo wa video uitwao Halo, ambao baadhi ya vita vyake hupiganwa nchini Kenya.

Huenda msomaji asiujue mchezo huo, maana vijana wetu wengi wamezoea zaidi kandanda ya PlayStation. Halo ulitungwa na kampuni ya Bungie ya Marekani kwa ajili ya mtambo wa Xbox wa Microsoft. Hadithi yake ni ya mwaka 2552, wakati binadamu wamekwisha kusambaa katika sayari nyingi na wanapigana na muungano wa viumbe wanaotaka kuwaangamiza. Katika Halo 2, uliotoka Novemba 2004, wavamizi hao wanafika Duniani. Hawatui London wala New York, bali Mombasa. Katika Halo 3 wa mwaka 2007 vita vinaingia Voi na Tsavo, ambako chini ya ardhi kumezikwa mtambo wa kale wa kufungulia njia ya kutoka nje ya galaksi yetu. Na katika Halo 3: ODST wa mwaka 2009 mchezaji huzunguka usiku katika Mombasa Mpya, akipita mahali penye majina kama Kizingo na Kikowani, ambayo mwenyeji wa kisiwa hicho hahitaji kuelezwa.

Ramani hiyo ndiyo iliyozua nadharia. Chukua mfano wa Mji wa Kale. Sote twajua kwamba Mji wa Kale wa Mombasa umo kisiwani, kando ya Fort Jesus. Lakini ndani ya Halo 2 mchezaji huanzia Mombasa ya Kale, kisha huvuka daraja refu mno ndipo aingie Mombasa Mpya. Kana kwamba ukale umehamia bara! Wako wanaosema kwamba wachoraji hawakuitazama ramani vyema. Wengine wanashikilia kuwa katika karne hizo tano kisiwa kilibomolewa ili kujengwa maghorofa, wenyeji wakasukumwa ng'ambo, nao wakahama na jina lao. Mimi naona nadharia hii ya pili ina mashiko, hata kama waliobuni mchezo hawakuikusudia. Hivyo ndivyo majina ya mitaa yanavyosafiri pindi watu wanapohamishwa.

Kuna pia suala la msitu. Halo 3 huanza katika msitu mnene wenye maporomoko ya maji, ilhali aijuaye Tsavo anajua kwamba ni nyika ya vichaka na udongo mwekundu. Mashabiki wanataja miteremko ya Kilimanjaro au masalio ya misitu ya ukungu katika milima ya Taita. Inawezekana.

Fumbo kubwa zaidi hata hivyo ni lile la lifti. Katikati ya Mombasa Mpya umesimama mnara usioonekana kilele, ambao hupandisha mizigo kutoka ardhini hadi angani bila roketi. Wazo hilo si la Bungie. Mhandisi Mrusi, Yuri Artsutanov, alilieleza mwaka 1960. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya Ikweta huizunguka Dunia kwa muda ule ule ambao Dunia hujizungusha, na kwa hivyo mtu aliye chini huiona imetulia mahali pamoja. Ukiteremsha kamba kutoka hapo hadi ardhini, na upande wa juu ukaweka uzito wa kuikaza, utakuwa umepata lifti. Kilichokosekana hadi leo ni kamba yenyewe, kwa kuwa hakuna anayeweza kutengeneza nyuzi zenye nguvu ya kutosha kwa urefu huo.

Kwa hesabu hiyo, mahali panapofaa zaidi ni kwenye Ikweta. Mwandishi Arthur C. Clarke alilijua hilo alipoandika riwaya yake kuhusu lifti kama hiyo mwaka 1979. Alitaka iwe katika kisiwa kinachofanana na Sri Lanka, alikokuwa akiishi, na kwa kuwa Sri Lanka halisi haigusi Ikweta, akakisogeza kisiwa chake kusini. Bungie hawakuisogeza Mombasa. Mombasa iko digrii nne kusini mwa Ikweta, zaidi ya kilomita 440. Ndipo mashabiki wakauliza: kwa nini mguu wa lifti haukuwekwa Nanyuki, ambako bango la Ikweta lipo kando ya barabara, au hapa Isiolo?

Jibu la wahandisi ni kwamba digrii nne si kizuizi. Lifti inaweza kujengwa nje ya Ikweta, ila kamba huinama kuelekea Ikweta na hulazimika kubeba mkazo zaidi. Jibu la wafanyabiashara ndilo linalonishawishi mimi. Lifti hupandisha mizigo, na mizigo huja kwa meli. Ukiifuata Ikweta kutoka Maseno, ukapita Nanyuki na kusini mwa mji wa Meru, hutaikuta bahari ukiwa bado Kenya. Mstari huo huingia Somalia na kutokea ufuoni karibu na Kismayu. Bandari yenye kina iliyo karibu na Ikweta kwa upande wetu, kwa miaka mingi, ilikuwa Kilindini. Waliobuni mchezo, kwa kujua au kwa kubahatisha, walichagua gati wakaacha mstari.

Hata hivyo hoja hiyo si imara kama ilivyokuwa mwaka 2004. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, na gati la kwanza la bandari hiyo likaanza kazi Mei 2021. Katika mpango wake, njia kutoka Lamu hupita Garissa hadi Isiolo, na ni hapa inapogawanyika, moja ikielekea Moyale na Ethiopia, nyingine Sudan Kusini. Kwenye karatasi, basi, Isiolo ina Ikweta na ina njia ya kwenda baharini, ingawa ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Shabiki anayetaka kuihamisha lifti hakosi ushahidi.

Kuna jingine linalowasumbua wachezaji. Lifti inapoporomoka, vipande vyake vinaonekana vimetapakaa barabara ya Tsavo, magharibi mwa Mombasa. Kamba ndefu hivyo ikikatika juu, kutokana na mzunguko wa Dunia, huanguka ikijikunja kuelekea mashariki. Vipande vilipaswa kuwa Bahari ya Hindi. Wanaoutetea mchezo husema mlipuko ulioiharibu Mombasa ndio uliovirusha bara.

Lakini mimi nilishtushwa zaidi na jina kuliko vipande. Eneo letu katika Halo linaitwa Himaya ya Afrika Mashariki. Hilo, karibu neno kwa neno, ndilo jina ambalo Waingereza waliipa nchi hii kuanzia 1895 hadi 1920, kabla ya kuiita Koloni la Kenya. Mashabiki wanabishana kuhusu mipaka ya himaya hiyo, kama inaingiza Tanzania au la. Ni wachache wanaouliza ni nani anayehimiwa, na kwa idhini ya nani.

Swali hilo si la mchezo. Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka nyota ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano katika bahari ya Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Wageni walifuata ukaribu wa Ikweta. Miaka sita baadaye, Desemba 3, 1976, wajumbe wa nchi za Ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, walitoa tamko mjini Bogotá, Colombia, wakidai kwamba sehemu ya mzingo wa setilaiti iliyo juu ya nchi zao ni mali yao ya asili. Mataifa makubwa yalikataa, yakishikilia mkataba wa 1967 unaozuia nchi yoyote kujimilikisha anga za juu. Kwa hivyo madishi ya Isiolo yanatazama mahali ambapo Kenya iliwahi kudai na ikanyimwa.

Ardhi iliyo chini yake ni jambo jingine. Katika Halo 2, Halo 3 na ODST hakuna hatua hata moja inayochezwa kaskazini mwa Mto Tana, na huko Tsavo sikumbuki kumwona mfugaji. Ramani za mipango halisi nazo zina kasoro hiyo. Jiji la kitalii lililopangwa kujengwa upande wa Kipsing lilichorwa juu ya malisho. Siku mhandisi atakapokuja na kamba yake kutafuta mahali pa kuifunga, atawakuta wazee wa Waso wakimsubiri wakiwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 mkononi, na swali la kwanza halitakuwa kuhusu latitudo.