Ndege Ikianguka Nairobi, Lawama Hutangulia Ripoti

Ijumaa ya tarehe 11 Oktoba 2019, ndege ya abiria aina ya Fokker 50 ilishindwa kuruka pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ikapitiliza mwisho wa njia yake na kuishia vichakani. Ilikuwa ielekee Mombasa, kisha Lamu. Waliokuwemo walitoka hai. Sisi wa huku Frankfurt, katika kundi letu la WhatsApp, tulipata picha mapema, na pamoja na picha tukaletewa sababu kwa wingi: ndege kuukuu, rubani mchanga, mkaguzi aliyekula hongo. Mmoja wetu akaapa kwamba binamu yake wa Lang'ata alisikia injini ikikohoa. Hakuna aliyeuliza binamu huyo aliitambuaje injini moja katika mtaa ambao ndege huunguruma kutwa nzima.

Wilson ina hilo: imezungukwa na macho. Nairobi West iko hapo karibu, Kibera haiko mbali, na magari ya Barabara ya Lang'ata hupita chini ya ndege zinazotua. Kila mtu ni shahidi. Habari ikishafika katikati ya jiji, kwa watu wa Bunge la Mwananchi, baraza la mijadala la pale bustani ya Jeevanjee, inakuwa kesi iliyosikilizwa na kuhukumiwa kabla ya chakula cha mchana.

Kila mara likitokea jambo kama hilo, mimi hulipeleka kundi letu kwenye safari iliyoanzia mji huu tunamoishi. Lufthansa 540 ilikuwa ikitoka Frankfurt kwenda Johannesburg kupitia Nairobi. Ndege yenyewe, Boeing 747, ilipewa jina Hessen, jimbo ambalo Frankfurt imo. Tarehe 20 Novemba 1974, muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi, iliruka kutoka uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, ikapanda takriban mita 30 tu, kisha ikashuka. Iliangukia kama kilomita moja kupita mwisho wa njia, ikagonga tuta la barabara, ikakatika na kuwaka moto. Kati ya watu 157, walikufa 59. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ajali ya 747 kuua watu.

Ungeuliza wapita njia, wangekuambia injini. Injini zote nne zilikuwa zikifanya kazi.

Tatizo lilikuwa kwenye mbawa. Ndege kubwa ikitaka kuruka hutanua mbawa zake: vipande vya nyuma hushushwa na vya mbele husukumwa nje, ili bawa libebe uzito hata mwendo ukiwa bado mdogo. Katika 747 za mwanzo, vya nyuma viliendeshwa kwa nguvu ya haidroliki, na vya mbele kwa hewa yenye shinikizo inayochotwa kwenye injini. Asubuhi ile vali za kuipitisha hewa hiyo, alizopaswa kuzifungua mhandisi wa ndege, zilikuwa zimefungwa. Vya nyuma vikatoka, vya mbele vikabaki ndani. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na bawa lililotanuka nusu halina msamaha hapo. Ndege ilipoanza kutetemeka marubani walidhani ni magurudumu, wakayakunja.

Kwa hiyo mhandisi wa ndege ndiye aliyeua watu? Hapo ndipo wengi wangefunga faili. Lakini uchunguzi, uliofanywa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, ulikuta pia kwamba chumba cha marubani hakikuwa na mfumo wa kutosha wa kuwaonya kwamba vipande vya mbele havijatoka. Mtu alisahau, na mashine ikamwachia asahau. Mhandisi alishtakiwa Ujerumani, akaachiwa huru mwaka 1981. Boeing nayo ikaongeza tahadhari iliyokosekana. Ukiniuliza mimi, hilo la Boeing lina uzito kuliko kesi nzima, kwa maana limewalinda watu ambao hawajawahi kuisikia Embakasi.

Kisa cha KQ507, ndege ya Kenya Airways, kinafanana. Ilipoanguka Douala, Kameruni, tarehe 5 Mei 2007 na kuua watu wote 114, kila mtu alitaja dhoruba, kwa kuwa ndege ilikuwa imechelewa ikisubiri mvua ipungue. Ilikuwa 737-800 ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka. Ripoti ya mwaka 2010 ilieleza jingine: ndege iliinama taratibu upande wa kulia gizani, na marubani wakapoteza mwelekeo.

Siwacheki wenye kushuku. Mkenya aliyeona mwili wa Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, ukiokotwa mwaka 1990, kisha akaambiwa huenda alijiua, ana haki ya kukunja uso. Helikopta ya polisi iliyomuua Waziri George Saitoti na naibu wake Orwa Ojodeh kule Kibiku, Ngong, tarehe 10 Juni 2012, ilihitaji tume nzima ya Jaji Kalpana Rawal, na bado wapo wasioshawishika.

Lakini ukimya wa wachunguzi si lazima uwe njama. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa usafiri wa anga wa kimataifa, kinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, ya mwisho ikiwezekana ndani ya miezi 12. Kenya ina idara ya uchunguzi wa ajali za ndege chini ya Wizara ya Uchukuzi, nje ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, kwa kuwa huenda KCAA yenyewe ikawa miongoni mwa wanaopaswa kuulizwa maswali.

Siku 30 ni nyingi mno kwa WhatsApp. Ningependa idara hiyo itoe ukurasa mmoja wa Kiswahili siku ile ile ya kwanza: ndege gani, iliondoka saa ngapi, wangapi walikuwemo, nani anachunguza, ripoti ya awali itegemewe tarehe gani. Kundi letu lingebishana tu, nalijua. Ila angalau lingekuwa na karatasi ya kubishania.