"Actually" haiko "actuellement": neno moja linaloweza kukukosesha kazi



Siku hizi ndugu mmoja wa promosheni yetu alinitumia barua yake ya kuomba kazi, nimusomee mbele ya kuituma. Barua ilikuwa nzuri, CV yake pia. Lakini mustari wa kwanza ulinisimamisha. Aliandika: "I am actually working as an accountant."

Nikamuuliza: ulitaka kusema nini? Akajibu: "Kwamba kwa sasa niko muhasibu." Tatizo njo hilo. Muzungumzaji wa Kiingereza akisoma mustari ule, hasikii "kwa sasa". Anasikia: "Kwa kweli mimi ni muhasibu, hata kama ulifikiri vingine." Ni kama mutu anayejitetea wakati hakuna aliyemushitaki. Na anayejitetea bila kushitakiwa, watu wanaanza kumuangalia vingine.

Kosa hili linatoka wapi? Linatoka shuleni. Sisi tulisoma kwa Kifaransa, na tukiona "actually" tunakimbilia "actuellement". Maneno haya mawili ni ndugu kweli: yote yanatoka kwa neno la Kilatini "actualis", linalohusu tendo. Wanormandi walipoteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yalianza kuingia katika Kiingereza, na familia ya "actual" ilifika kwa njia hiyo ya Kifaransa. Kisha kila luga ikaenda na njia yake. Kifaransa kilivuta neno upande wa wakati: jambo la sasa. Kiingereza kilibaki upande wa ukweli: jambo lililo kweli, si la kuzania tu. Maneno ya namna hii Wafaransa wanayaita "faux amis", marafiki wa uongo: sura moja, roho mbili.

Basi "actually" inatumika namna gani? Kuko njia tatu kubwa.

Ya kwanza, kusahihisha. "He is actually my brother, not my friend": huyu ni kaka yangu, si rafiki.

Ya pili, kuonyesha kwamba jambo limetokea tofauti na tulivyozania. "I thought the exam would be hard. It was actually easy." Hapa Kiswahili chetu kiko na neno tamu kabisa: kumbe. Nilizani mutihani utakuwa mugumu, kumbe ulikuwa mwepesi.

Ya tatu, kutafuta ukweli wenyewe nyuma ya maneno. "What did he actually say?" Alisema nini hasa? Si vile watu wanasimulia, ila vile yeye mwenyewe alisema.

Unaona? Kumbe, kwa kweli, hasa. Hakuna "sasa" ndani yake.

Sasa angalia upande wa pili, juu hatari haiko katika kuandika tu, iko pia katika kusoma. Tuseme walikuita kwa interviu siku ya Jumatano. Kesho yake unapata ujumbe: "The interview is actually on Thursday." Ukisoma kwa macho ya Kifaransa, unaweza kuzania wanakukumbusha tu. Hapana. Wanakuambia: tulikosea, si Jumatano, ni Alhamisi. Neno hilo moja njo linabeba masahihisho yote. Ukiliruka, utafika siku isiyo yako na utakuta mulango umefungwa.

Na ukitaka kusema "actuellement"? Tumia "currently", "now" ao "at the moment". Lakini mara nyingi hauna haja ya kuongeza neno lolote. "I am working" inatosha, sawa vile kwa Kiswahili "ninafanya kazi" inaonyesha tayari kwamba ni sasa.

Angalisho moja la heshima. "Actually" mwanzoni mwa sentensi, mbele ya mukubwa wako wa kazi, inaweza kusikika kama unamufundisha. "Actually, the report is late" inamwambia: wewe hukujua, mimi najua. Kama hakuna kitu cha kusahihisha, liache.

Ndugu yake wa karibu ni "eventually". Nalo si "éventuellement". "I will eventually come" haiko "labda nitakuja". Ni "mwishowe nitakuja", hata kama itachukua muda. Hiyo ni ahadi. Chunga usiahidi bila kujua.

Tangu 2022 inchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na majirani wetu Uganda, Tanzania na Zambia wanatumia Kiingereza ofisini. Barua zetu zitasomwa na watu ambao hawakupita katika Kifaransa, na hawatatafuta kujua tulitaka kusema nini. Watachukua kile tulichoandika.

Njo maana, mbele ya kutuma barua, fanya jaribio hili dogo: pahali uliandika "actually", weka "kwa kweli" ao "kumbe". Kama sentensi inasimama, iache. Kama moyo wako unataka "sasa", futa. Yule ndugu yetu alifuta, na mustari wake wa kwanza ukabaki mufupi na wazi: "I am working as an accountant."