Vitamini D ya Njiti: Mashine Imehesabu Nini?

Mwaka 2006 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo yaliyowanyima raha watu wa maabara. Walikuwa wamepima damu ya watoto 172 wasiotimia mwaka mmoja. Kwa asilimia 22.7 ya watoto hao, sehemu ya kilichokuwa kikihesabiwa kuwa vitamini D ilikuwa kitu kingine kinachofanana nayo mno. Sehemu hiyo ilianzia asilimia 8.7 ya jumla na kufika asilimia 61.1, na kadiri mtoto alivyokuwa mdogo ndivyo ilivyoelekea kuwa kubwa. Tafiti zilizofuata zimeikuta pia kwa njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito.

Kitu hicho huitwa epima. Vitamini D, iwe imetoka kwenye ngozi iliyopigwa na jua au kwenye matone ya dawa, hupita kwenye ini na kugeuzwa kuwa 25-haidroksivitamini D. Hiyo ndiyo hupimwa hospitalini, kwa kuwa hudumu kwenye damu kwa wiki kadhaa. Epima yake ina atomi zilezile kwa idadi ileile, ila kwenye kaboni namba 3 kuna kipande kimoja kilichoelekea upande mwingine. Chukua funguo mbili za chuma kimoja, moja ikiwa na jino lililogeuzwa: kwenye mizani ni sawa, kwenye kitasa si sawa. Homoni inayotokana na epima hushikamana na vipokezi vya seli kwa udhaifu, na msaada wake katika kunyonya kalsiamu ni mdogo.

Sasa tazama jinsi maabara zinavyopima. Spektrometa ya masi hutambua molekuli kwa uzito wake. Kama sampuli haikupitishwa kwanza kwenye safu maalumu ya kuzitenganisha, vitamini na epima huhesabiwa pamoja. Vipimo vinavyotumia kingamwili vingi haviioni epima, lakini vina udhaifu wao: baadhi haviihesabu ipasavyo vitamini D2, na vingine huyumbishwa na bilirubini, mafuta au chembe nyekundu zilizopasuka wakati kisigino cha mtoto kilipotobolewa na kukamuliwa. Vipo pia vinavyotumia protini inayobeba vitamini D mwilini, na hivyo huweza kuinasa epima vilevile. Damu ya mtoto mmoja, ikigawanywa kwa maabara tatu, inaweza kurudi na majibu matatu, bila fundi yeyote kukosea kazi yake.

Tuseme jibu limesoma nanomoli 60 kwa lita. Kiwango ambacho wataalamu wengi hukitumia kama mstari wa kutosha ni 50, kwa hiyo daktari anatulia. Lakini kama asilimia 40 ya hiyo 60 ni epima, vitamini yenyewe ni 36 tu. Mtoto huyohuyo akihamishiwa hospitali nyingine yenye mashine inayotenganisha, ataonekana ameporomoka ghafla, na kipimo peke yake ndicho kilichobadilika.

Kurudia kipimo nako si jambo jepesi. Njiti wa kilo moja ana takribani mililita 90 za damu mwili mzima, hivyo kila mililita inayovutwa ni zaidi ya asilimia moja ya alichonacho.

Juhudi za kuzipatanisha maabara zipo. Mpango wa DEQAS, ulioanzia Uingereza mwaka 1989, huzitumia maabara sampuli na kulinganisha majibu yao. Mwaka 2010 ulianzishwa mpango wa kimataifa wa kusanifisha vipimo vya vitamini D, ukiongozwa kutoka Marekani. Kazi hiyo imepunguza tofauti nyingi, lakini kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya damu ya watu wazima, ambao epima yao kwa kawaida ni kidogo.

Hata namba ikiwa sahihi kabisa, haitoshi kueleza hali ya mifupa ya njiti. Takribani asilimia 80 ya kalsiamu ya mtoto huhamia kwake kutoka kwa mama katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na njiti huikosa sehemu ya miezi hiyo, au yote. Pengo lake kubwa mara nyingi ni kalsiamu na fosfeti. Ndiyo maana madaktari hufuatilia pia fosfeti kwenye damu na kimeng'enya cha fosfatasi ya alkali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 ulipendekeza watoto waliozaliwa na chini ya kilo 1.5 wapewe vitamini D yuniti 400 hadi 1,000 kwa siku mpaka miezi sita, na wanaolishwa maziwa ya mama waongezewe kalsiamu na fosforasi. Dozi hiyo haihitaji kusubiri jibu la maabara.

Kipimo kina thamani pale daktari anapofikiria kuipandisha dozi, kwa kuwa vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Hapo ndipo inafaa kuiuliza maabara: mmetumia njia gani, na epima mmeitenganisha? Na vipimo vya kufuatilia vifanyike kwa njia ileile iliyotumika mwanzo, la sivyo tutakuwa tunalinganisha mashine tukidhani tunamlinganisha mtoto.