Pakakali au Paka Mkali?

Mtu akisimama Nkanka, wilayani Rusizi, akalitazama Ziwa Kivu, yumo ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Akilifuata tawi hilo kuelekea kusini, akapita Ziwa Tanganyika, atafika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Huko kuna matabaka ya mawe mekundu ya mchanga yaitwayo Nsungwe. Mito ya kale iliyaacha, na majivu ya volkano yaliyochanganyika humo ndiyo yaliyowawezesha wataalamu kupima umri wake: miaka milioni 25 hivi.

Katika mawe hayo yamepatikana mataya na meno ya mamalia. Mwaka 2013 walitangazwa Rukwapithecus, wa ukoo wa masokwe, na Nsungwepithecus, wa ukoo wa nyani na tumbili. Ni miongoni mwa visukuku vya kale kabisa vya koo hizo mbili. Mwaka 2017 Matthew Borths na Nancy Stevens wakamtangaza mla nyama mdogo wa Nsungwe, Pakakali rukwaensis. Mwaka 2019 wawili hao walimpa mnyama mwingine, safari hii wa Kenya, jina la Simbakubwa kutokaafrika. Mifupa yake ilikuwa imekaa miaka mingi katika makumbusho ya Nairobi.

Kwa elimu ya viumbe, Pakakali si paka wala Simbakubwa si simba. Wote ni wa kundi la hayenodonti, lililokwisha toweka. Hilo tunawaachia wenyewe. Letu ni upatanisho. Paka na simba ni wa ngeli ya A-WA, kwa hiyo twasema paka mkali, simba mkubwa. Kiambishi m- kimekwenda wapi?

Simbakubwa anaweza kutetewa. Katika hali ya ukubwa twasema "simba kubwa lile", na huyu kweli alikuwa jitu. Lakini Pakakali mdogo hana utetezi huo, ila tukubali kwamba mitaani wengi husema hivyo hivyo. Na jina la kisayansi likishachapishwa halirekebishwi kwa sababu ya sarufi ya Kiswahili, hivyo mwalimu wa Kiswahili angeulizwa mapema.

Wanafunzi walinganishe na dinosaria wa bonde hilo hilo la Rukwa, aliyetangazwa mwaka 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia, yaani mnyama wa mto Mtuka, mwenye mfupa wa mkia unaofanana na moyo. Hapo viunganishi vyote viwili vimekaa mahali pake.