Je, Wajua Barua Pepe Iliyopotea Hulala Wapi?

Mara nyingi barua pepe inayodhaniwa kupotea imeshafika kwenye seva. Imewekwa tu mahali ambapo programu ya kusomea haitazami, au pamefungwa.

Katika seva nyingi za Linux, Postfix ya Wietse Venema ndiyo inayopokea barua, na Dovecot ya Timo Sirainen wa Finland humfikishia mwenyewe azisome. Zote mbili ni lazima zielekezwe mahali pamoja. Postfix ikiambiwa ihifadhi katika Maildir/, yenye mkwaju mwishoni, huunda folda na kuipa kila barua faili lake. Mkwaju ukisahaulika, barua zote humiminwa katika faili moja liitwalo Maildir. Dovecot ikija kutafuta folda, haikuti kitu cha kusoma. Alama moja tu hiyo!

Muundo wa Maildir ulibuniwa na Daniel J. Bernstein wa Marekani miaka ya 1990, alipokuwa akiunda qmail, nami nauhesabu miongoni mwa kazi safi kabisa za kompyuta. Ndani yake mna folda tatu: tmp, new na cur. Barua huandikwa kwanza katika tmp, na ikikamilika ndipo inapohamia new. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hakuna atakayeletewa nusu ya barua. Programu ya kusomea ikishaiona huipeleka cur, na mwenyewe akiisoma, herufi S huongezwa mwishoni mwa jina la faili.

Ruhusa ndizo zinazosumbua zaidi. Kwa folda, herufi x ni haki ya kupita, kama mlango. Ikikosekana katika folda moja tu ya juu, Dovecot hukwama hapo, hata kama folda ya mwisho iko wazi kwa wote. Ndiyo maana amri ya chmod 777, inayokimbiliwa na mafundi wengi, mara nyingi haiponyi kitu. Inachofanya ni kuwapa watumiaji wote wa seva uwezo wa kusoma na kufuta barua za wenzao. Fundi mwenzangu, usiiguse. Tumia namei -l uone mmiliki na ruhusa za kila folda njiani, rekebisha ile yenye kasoro, kisha sanduku la mtu lipewe 700 kwa folda na 600 kwa mafaili.

Na kabla ya yote, fungua kumbukumbu za seva: Dovecot ikinyimwa njia, huandika humo ni ruhusa gani imekosekana na katika folda ipi.